Tropy, programu ya kupanga picha za nyaraka: miezi kumi na minane na madaftari ya kanisa letu

Sanduku la bati lilikaa chini ya meza ya ofisi ya kanisa miaka ambayo hakuna aliyeihesabu. Mwaka 2022 mafundi walipokuja kubadilisha mabati ya paa walilivuta wapitishe ngazi, kitako chake kikabaki sakafuni. Kutu ilikuwa imekila, na mchwa waliingilia hapo. Ndani tulikuta madaftari mawili ya ubatizo, moja la ndoa, bahasha ya tiketi za ushirika, picha thelathini na tatu, na jalada la daftari la mikutano ya viongozi. Jalada tu. Kurasa zake zilishakuwa udongo.

Mimi ni mwalimu mstaafu wa historia na mshirika wa kanisa la Kimethodisti upande wa Ribe, Kaunti ya Kilifi. Nililia mbele ya wale mafundi. Miaka yote niliyoshika chaki nimewafundisha watoto wa watu vyanzo vya historia, masimulizi na maandishi na mabaki ya kale, kumbe chanzo chenyewe kiko hatua ishirini kutoka benchi ninalokalia kila Jumapili, kinaliwa.

Nilianza kama ambavyo yeyote angeanza, kwa simu. Siku nne nilipiga picha ukurasa baada ya ukurasa, zikafika 640, nikaona nimeiokoa historia yetu. Miezi minane baadaye alikuja kijana kutoka Mariakani kutafuta ubatizo wa babu yake. Nikafungua simu. Picha 640 zenye namba tupu, zimechanganyika na za harusi, za risiti za saruji na za mjukuu wangu akijifunza kutembea. Hili ni daftari la kwanza au la pili? Ukurasa huu unatangulia au unafuata? Tulitafuta tangu saa nne asubuhi hadi saa nane, akaondoka mikono mitupu. Jina lilikuwamo. Nililiona baadaye, nikiwa peke yangu, nikajua kwamba mtu anaweza kupiga picha karatasi na bado akaipoteza.

Hapo ndipo nilipoanza kutumia Tropy, na ndiyo ninayotaka kuieleza hapa, kwa sababu najua makanisa mengi ya pwani, Meru na kwingineko yana sanduku kama letu.

Tropy ni programu ya kompyuta ya kupanga picha za nyaraka. Ilitoka 2017 mikononi mwa watu wa historia wenyewe, Kituo cha Roy Rosenzweig cha Chuo Kikuu cha George Mason kule Virginia, Marekani. Ndio hao walioleta Zotero, programu ya kutunza marejeo ambayo wanafunzi wa vyuo vikuu wanaijua. Ni ya bure kabisa. Hailipiwi mwanzo, hailipiwi baada ya siku thelathini, na msimbo wake uko wazi, yaani yeyote anaweza kuona ilivyoandikwa. Inakubali Windows, Mac na Linux. Ukishaipakua huhitaji intaneti tena, jambo ambalo kwetu si dogo: ofisi ya kanisa haina mtandao, na bando ninalonunua ni la kuzungumza na wanangu.

Inavyofanya kazi ni hivi. Unaingiza picha zako, kisha unaunganisha zile za waraka mmoja ziwe kipengee kimoja. Kwetu, kila kurasa mbili zinazotazamana za daftari ni kipengee kimoja. Barua ya kurasa tano ni kipengee kimoja. Picha ya kwaya, mbele na nyuma (nyuma ndiko kwenye maandishi ya penseli), ni kipengee kimoja. Pembeni kuna nafasi za kujaza: kichwa, tarehe, mahali, aliyeandika, sanduku gani, daftari gani. Chini kuna uwanja wa kuandika maelezo marefu kadiri upendavyo. Halafu kuna lebo za rangi, na sehemu ya kutafuta inayopekua yote uliyoyaandika. Jambo kubwa ni hilo la mwisho. Programu haisomi mwandiko ulio kwenye picha. Inasoma ulichoandika wewe. Usipoandika kitu, hakuna kitakachopatikana. Wapo watakaoona hilo ni kasoro. Mimi naona ndiyo nidhamu niliyokuwa nikiihitaji, kwani ilinilazimisha kukaa na kila ukurasa hadi niuelewe.

Kilichonifunga kwenye Tropy ni violezo, yaani fomu tupu zenye nafasi za kujaza. Inakuja na vyake, lakini unaweza kutengeneza chako, ukazipa nafasi majina unayotaka, kwa lugha yako. Vitufe vya programu ninavitumia kwa Kiingereza, lakini kiolezo chetu ni cha Kiswahili mwanzo hadi mwisho. Kina nafasi hizi: jina kama lilivyoandikwa, jina kama linavyotamkwa kwetu, mbari, kijiji, baba, mama, aliyebatiza, mashahidi, jina la kanisa lililochapwa juu ya ukurasa, aliyesimulia.

Nitaeleza kwa nini nafasi mbili za jina. Wamishonari wetu walikuwa Waingereza. Walisikia kwa masikio yao na kuandika kwa kalamu zao. Sauti ya "dz" ya Kimijikenda, lugha yetu ya huku pwani, iliwashinda wengi. Kwa hiyo msichana aliyeitwa Kadzo anaonekana kwenye daftari la kwanza kama Kazo. Miaka saba mbele, akiwa mama anayebatizisha mtoto wake, ameandikwa Kadso. Kwenye daftari la ndoa, lililoandikwa na katibu Mribe, ni Kadzo sawasawa. Mtafiti asiye wa huku angehesabu wanawake watatu. Na mimi pia nilihesabu wawili, hadi nilipomketisha Bibi mmoja wa kanisa letu, mwenye miaka tisini na ushei, mbele ya kompyuta.

"Bwana asifiwe, Bibi. Huyu Kazo unamfahamu?"

"Nisomee baba yake."

Nikamsomea.

"Na kijiji?"

Nikamsomea kijiji.

"Mwanangu, huyo si Kazo. Huyo ni Kadzo, mama yangu mdogo. Mzungu hakuwa na dz mdomoni."

Nikarudi kwenye picha zote tatu, nikaandika jina moja kwenye nafasi ya pili, nikaweka lebo moja. Sasa ukitafuta "Kadzo" wanakuja wote watatu, ambao ni mmoja. Na kwenye nafasi ya "aliyesimulia" nikaandika jina la Bibi na tarehe. Nafasi hiyo niliiweka makusudi. Thomas Wakefield wa misheni ya Ribe alipochapisha mwaka 1870, katika jarida la Chama cha Kifalme cha Jiografia cha London, njia za misafara kutoka pwani hadi bara, habari zile alipewa na kiongozi wa misafara aliyeitwa Sadi bin Ahedi. Tunamjua Sadi leo kwa sababu jina lake liliandikwa. Wangapi walisimulia wasiandikwe? Kwa daftari letu sikutaka kuongeza hata mmoja.

Mbari na kijiji navyo vina sababu. Kwetu mtoto hurithi jina la babu au bibi, kwa hiyo majina huzunguka. Kadzo wa leo ana bibi Kadzo, na bibi yake huenda naye alikuwa na Kadzo wake. Bila mbari na kijiji utamwozesha mjukuu kwa mume wa bibi yake.

Kuna kitu kingine ambacho mwanzoni sikukiona maana, sasa sikiachi: unaweza kukata kipande cha picha kwa kipanya, na kipande kile kikawa na nafasi zake za maelezo. Ukurasa mmoja wa ubatizo una watu kumi au kumi na wawili. Ninakata mstari wa kila mtu, ninaujaza. Picha kamili inabaki, na mistari inaning'inia chini yake. Kazi hii ni ya polepole mno. Ukurasa mmoja hunila saa nzima, na zaidi kama wino umefifia. Hapo kuna vitelezi vya kuongeza mwanga na kukoleza, na kitufe cha kugeuza rangi, nyeupe iwe nyeusi. Wino wa kahawia ambao jicho halikuuona kwenye karatasi unaibuka. Picha ya asili haiguswi. Ukirudisha vitelezi mahali pa mwanzo inarudi ilivyokuwa. Kwa njia hiyo nilisoma jina la shahidi ambalo kwenye daftari lenyewe ni doa tu la kutu. Wino wa zamani uliokuwa na chuma ndani yake huila karatasi taratibu, na kuna mahali kalamu iliposhinikizwa pamebaki matundu yenye umbo la herufi.

Nafasi ya "jina la kanisa lililochapwa juu ya ukurasa" inaweza kuonekana ya bure, lakini anayetafiti Umethodisti wa Kenya bila kuijua atapotea. Mwaka 1862 Krapf, mmishonari Mjerumani ambaye alishatangulia kufika Rabai akitumwa na Waanglikana, aliwasaidia Wakefield na wenzake kuanza Ribe. Waliowatuma waliitwa United Methodist Free Churches. Mwaka 1907 kanisa hilo likaungana na mengine mawili kule Uingereza, likawa United Methodist Church. Mwaka 1932 ukaja muungano mkubwa, likawa Methodist Church tu. Mwaka 1967 sisi tukajitegemea kama Kanisa la Methodisti Kenya. Mlima ni ule ule, waumini ni wale wale, na juu ya karatasi kuna majina manne. Kijana wetu mmoja mwenye bidii aliona "United Methodist Church" juu ya ukurasa wa 1926, akaingia mtandaoni, akarudi na habari nyingi za Marekani. Kanisa la Marekani lenye jina hilo liliundwa 1968! Lile la kwenye daftari letu ni la Waingereza na lilishafungwa zamani. Sasa kila kipengee kina jina lake la wakati ule, na ukipanga kwa nafasi hiyo, karatasi zisizo na tarehe nazo zinajipanga zenyewe kwenye kipindi chake.

Kwa mtu atakayetaka kwenda mbali zaidi: nyaraka za jumuiya za misheni za Wamethodisti wa Uingereza ziko London, katika maktaba ya SOAS, chuo kilicho chini ya Chuo Kikuu cha London. Huko ndiko ziliko barua ambazo wamishonari walituma nyumbani. Rebecca, mke wa Wakefield, alifia Ribe 1873. Mmishonari mwenzao Charles New alifika kwenye theluji ya Kilimanjaro 1871, akafariki 1875 akiwa njiani kurudi pwani. Wamishonari John na Annie Houghton waliuawa Golbanti, kwenye mto Tana, 1886. Habari zao zilisafiri, zikafika, zikatunzwa kwenye masanduku yenye namba. Lakini daftari la mchango la mwaka fulani lenye jina la mama aliyetoa kuku wawili na pishi ya mahindi halikusafiri. Orodha ya watu wa darasa, kile kikundi kidogo cha washirika, na kiongozi wao haikusafiri. Hizo hazikuandikwa kwa ajili ya London. Ziliandikwa kwa ajili yetu, zikabaki kwetu, na sisi ndio tuliozipa mchwa. Ninasema hivi kwa uchungu kwa sababu sisi Wamethodisti ni watu wa daftari tangu asili. John Wesley mwenyewe, mwanzilishi wa Umethodisti, alitunza shajara ya tangu 1735 hadi 1790, ambayo ilichapishwa, na desturi ya kila mshirika kupewa tiketi yake kila robo mwaka ni yake yeye. Zile tiketi kwenye bahasha yetu, ndogo kama kadi ya basi, ni uzi unaofika hadi kwake.

Upande wa pwani yetu kuna uzito mwingine. Misheni zilikuwa kimbilio la watu waliotoroka utumwa. Ilipofika mwanzo wa 1889, vyeti vya uhuru vilitolewa kwa watu zaidi ya elfu moja waliokuwa wamejificha misheni, baada ya wenye kuwadai kulipwa fidia. Wazao wao ni majirani zetu, wengine ni sisi wenyewe. Kwenye daftari la ndoa kuna wazee ambao nafasi ya mbari imeandikwa "Myao" au "Mnyasa", bila jina la baba. Nilipoingiza mistari ile niliacha nafasi ya baba wazi, sikuweka "haijulikani". Pengine atakuja mtu anayejua.

Sasa mapungufu, maana sikuja kuimba sifa.

La kwanza, Tropy haiko kwenye simu. Lazima kompyuta. Yangu ni ya mtumba, na picha zikizidi elfu moja inachukua muda kufungua, ila inafanya kazi. Kanisa lisilo na kompyuta kabisa halitafaidika, na makanisa hayo ni mengi. Ningefurahi sana kama ningeweza kwenda nyumbani kwa mzee asiyeweza kutembea na kujaza maelezo hapo hapo kwenye simu. Kwa sasa ninaandika kwenye daftari la mkono kisha nahamisha.

La pili, ni ya mtu mmoja. Mimi na yule kijana wetu mwenye bidii hatuwezi kufanya kazi kwenye mradi mmoja kwa pamoja tukiwa kwenye kompyuta mbili. Tunapokezana: Jumanne na Alhamisi ni zangu, Jumamosi ni yake. Tukiwa na shaka, kila mmoja anaacha lebo nyekundu yenye herufi ya kwanza ya jina lake. Kwa kanisa moja inatosha. Kwa sinodi nzima isingetosha, mngehitaji mfumo mwingine.

La tatu, na hili lisikilize vizuri. Unapoanza mradi unaulizwa aina. Mradi wa kawaida unanakili picha zako ndani ya mradi wenyewe. Aina ya pili unaziacha picha kwenye folda zako, na Tropy inashika tu anwani zake. Nilichagua ya pili kwa sababu sikutaka nakala maradufu. Baadaye nikahamisha folda ya picha kwenye diski ya nje bila kufikiri, nikafungua mradi, nikaona miraba mitupu safu kwa safu. Maelezo yote yalikuwepo, picha hazikuonekana. Kosa lilikuwa langu. Kuna amri ya kuielekeza programu mahali picha zilipohamia, ikazishika tena, lakini usiku ule sikulala. Ushauri wangu kwa mgeni: chagua mradi wa kawaida, na usiguse.

Pia Tropy haihifadhi nakala ya akiba kwa niaba yako. Haiko mawinguni. Tuna nakala tatu: kwenye kompyuta, kwenye diski ya nje iliyofungiwa kabati la kanisa, na kwenye diski nyingine iliyo kwa binti yangu Nairobi. Moto wa Kilifi hautafika Nairobi. Kila robo mwaka akija, tunabadilishana diski. Zaidi ya hapo programu inakuruhusu kutoa maelezo yako yote kama jedwali au kuchapisha kipengee pamoja na maelezo yake kwenye PDF, kwa hiyo hata Tropy ikifa kesho kazi haifi nayo. Hilo kwangu lilikuwa sharti. Sikuwa tayari kutoa jina la mtu kwenye sanduku la bati nikalifungie kwenye sanduku lingine.

Kule kutokuwepo mtandaoni kuna faida ambayo watu hawaifikirii. Daftari la ubatizo lina safu ya mwisho ya "maoni". Mle mna mambo. Mtoto ambaye baba yake hakutajwa, mshirika aliyetengwa na sababu yake. Wengine wako hai, au watoto wao wako hai na wanaimba kwaya nami. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, na hata bila sheria kuna heshima ya mtu. Tulikubaliana barazani kwamba safu ile naijaza kwenye mradi mmoja usiofunguliwa mbele ya wageni, na mradi wa kuonyesha watu hauna safu ile. Kwa programu inayokaa kwenye mashine yako mwenyewe, mpango huo unawezekana. Picha zikishapanda Facebook hazishuki.

Niongeze machache kuhusu kupiga picha zenyewe, kwa sababu Tropy haiwezi kuponya picha mbaya. Rudia zile za haraka. Za kwangu 640 nilizirudia zote. Seremala alinitengenezea kistuli cha mbao chenye tundu juu. Simu inalala juu ya tundu ikitazama chini, mikono haitikisiki. Ninapiga barazani kwenye kivuli, kati ya saa tatu na saa tano, bila flashi. Chini naweka kitambaa cheusi na rula pembeni ili ukubwa ujulikane. Daftari halifunguliwi likalazwa kwa nguvu, mgongo utapasuka. Kila upande ninauegemeza kwa mto mdogo wa mchanga wenye foronya. Skana ya kawaida nimeiacha kwa sababu hiyo hiyo, inataka daftari ligandamizwe kwenye kioo, na maandishi ya karibu na mgongo yanatoka ukungu. Kwa karatasi moja moja na picha za zamani, skana ni nzuri kuliko simu. Mikono safi na mikavu inatosha kwa karatasi. Glavu naziweka kwa picha tu.

Na tafadhali, akina mama na akina baba makatibu: msizipeleke karatasi za zamani kwa mwenye duka la fotokopi akazifunge kwenye plastiki kwa joto. Haitoki tena. Msizibandike kwa selotepu. Gundi yake huwa njano na kula wino. Msizianike juani zikilowa, anikeni kivulini penye upepo. Sanduku lisikae sakafuni wala kugusa ukuta. Letu sasa liko juu ya rafu ya chuma, na miguu ya rafu imesimama ndani ya makopo ya oili chafu, kama bibi zetu walivyolinda kitanda.

Gharama yote: programu bure, kistuli cha seremala, diski mbili za nje na chai. Chai nyingi, kwa sababu mzee hatambui picha kwa dakika tano.

Nikiulizwa nyota, ninatoa nne kati ya tano. Ile ya tano ningeitoa siku Tropy itakapokaa kwenye simu na kuruhusu watu wawili. Kwa kanisa, shule ya zamani, au familia yenye barua za babu, sijaona ya bure inayoikaribia kwa kazi hii.

Yule kijana wa Mariakani nilimpigia. Alikuja na shangazi yake. Niliandika jina la babu yao kwenye sehemu ya kutafuta, na mistari miwili ikatokea: ubatizo wake, na ubatizo wa mdogo wake wa kike ambaye familia haikumjua kabisa. Shangazi aliomba nimsomee jina lile mara mbili, akalirudia polepole, akaniuliza kama nina hakika ni wa mama mmoja. Nikamwonyesha safu ya mama. Nikawachapia ukurasa mzima pamoja na maelezo yake.

Zimebaki picha za kwenye sanduku. Kati ya thelathini na tatu, kumi na tisa zina majina kamili. Kumi na nne bado. Jumamosi ya mwisho wa kila mwezi, mkutano wa akina mama ukiisha, tunaweka kompyuta kwenye meza ya mbele na kuzikuza moja moja. Inayotusumbua zaidi ni ya watu sita mbele ya nyumba ya makuti, wa tatu kutoka kushoto ameshika daftari kubwa kifuani kwa mikono miwili. Nadhani ni lile lililoliwa na mchwa. Kama babu yako alikuwa katibu wa kanisa upande wa Ribe miaka ya hamsini, njoo umtazame.